Lupasi ya Chwaka na lupasi ya Leicester

Katika ukoo wetu kuna wanawake wawili wenye ugonjwa mmoja. Mmoja ni mdogo wangu, yuko Chwaka, mkulima wa mwani na muuza samaki. Wa pili ni mtoto wa mama yetu mdogo, yuko Leicester, Uingereza, kazi yake ni kuhudumia wazee. Wamepishana miaka miwili, bibi yao mmoja, rangi yao moja, na kwenye simu hata mimi sauti zao hunichanganya. Ugonjwa wao unaitwa lupasi. Lakini ukisimuliwa jinsi kila mmoja alivyoanza kuumwa, utaapa kuwa ni maradhi mawili yasiyojuana.

Naandika haya kwa sababu tofauti hiyo ilikaribia kumgharimu mdogo wangu figo zake. Yule wa Leicester ugonjwa wake ulijulikana kabla mwaka haujamalizika. Huyu wa Chwaka ilichukua karibu miaka mitatu. Ni rahisi kusema kuwa wenzetu wana vipimo na sisi hatuna, na hilo lina ukweli wake. Lakini kuna jambo jengine ambalo halihitaji mashine kulijua: ugonjwa huu hauji kwa sura moja kila mahali, na sura iliyoandikwa vitabuni si ile inayotembea katika pwani yetu.

Kwanza tuelewane lupasi ni nini. Mwili wa binadamu una kinga yake ya kupigana na vijidudu. Kwa mwenye lupasi, kinga hiyo humgeukia mwenyewe, mithili ya mlinzi wa usiku anayempiga rungu mwenye nyumba. Hushambulia ngozi, viungo, mishipa ya damu, figo, mapafu, hata moyo na ubongo. Madaktari huuweka katika kundi la maradhi ya tishu unganishi, yaani zile nyama na nyuzi zinazoushikilia mwili usisambaratike. Hauambukizi. Katika kila wagonjwa 10, takriban 9 ni wanawake, na wengi huanza kuumwa kati ya umri wa miaka 15 na 45, wakati wa kuolewa, kuzaa na kulea. Ndiyo maana nauleta katika ukurasa huu wa familia.

Huyu wa Leicester alianza na vidole. Ilikuwa mwezi wa Disemba, anasubiri basi asubuhi kwenda kazini, vidole viwili vya mkono wa kulia vikafa ganzi. Alipovua glavu aliviona vimekuwa kama vilivyopakwa majivu, kisha vikageuka rangi ya zambarau, na alipoingia ndani penye joto vikaanza kuwaka kama vilivyotiwa pilipili. Ikawa kila baridi ikizidi, hali ni ile ile. Kuna daktari wa Kifaransa, Maurice Raynaud, aliyeieleza hali hiyo mwaka 1862, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Humpata takriban mtu 1 kati ya kila 3 wenye lupasi. Daktari wa mtaani kwake alipoisikia hakumcheka. Alimuuliza pia kuhusu viungo na nywele. Majira ya joto akaja Unguja harusini, akashinda juani, na aliporudi mashavu yalikuwa na madoa. Akapimwa damu, jibu likatoka. Kwake yeye, ugonjwa ulikwenda na majira: vidole wakati wa baridi, ngozi wakati wa jua.

Sasa njoo Chwaka. Hapa hakuna Disemba ya kufisha vidole. Jua liko juu ya utosi mwaka mzima, na maji ya ghuba ni ya vuguvugu. Mdogo wangu alianza na homa. Homa ndogo, ya jioni, inayokuja na kuondoka. Kisha viungo vya mikono, khasa asubuhi: anashindwa kukunja ngumi, anashindwa kukamua nazi. Kisha uchovu ambao usingizi hauuondoi. Alikwenda kwenye vituo vya afya zaidi ya kimoja. Alipimwa malaria, hana. Akaambiwa taifodi, akala dawa. Akaambiwa yutiai, akala dawa. Mara ya nne akaambiwa ni baridi yabisi kwa sababu ya kusimama baharini. Baridi yabisi, katika joto la Chwaka!

Aliyeona jambo la maana kuliko sote alikuwa mama mkwe wake. Bi mkubwa huyu alisema: "Huyu mtoto anaumwa na mwezi. Mwezi ukiandama anaumwa, na ukiwa mpevu anaumwa." Kwa maelezo yake, hilo ni jambo la wenyewe wa baharini, na alitaka apelekwe kwa mtu akapungwe. Mume naye alikuwa njia panda, kwa sababu mimba mbili zilikuwa zimeshatoka, na maneno mtaani yalikuwa yameanza kuwa mke huyu hakai na mimba.

Maelezo ya bi mkubwa sikukubaliana nayo, lakini macho yake yaliona kweli tupu. Kila mtu wa pwani anajua kuwa bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Siku hizo maji hukauka mbali, na ndizo siku za kazi kwa wakulima wa mwani. Tena kwa upande wetu, maji ya bamvua hukauka asubuhi kuelekea adhuhuri, wakati jua ndiyo linapanda. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na tangu hapo wengi wa wakulima ni wanawake. Wanainama kwa masaa, jua mgongoni, na jua jengine linarudi usoni kutoka kwenye maji na mchanga mweupe. Miale ya jua ni miongoni mwa vitu vinavyoamsha lupasi, na haiishii kwenye ngozi tu. Siku chache baadaye inaweza kuleta homa na maumivu ya viungo. Mdogo wangu alikuwa anaumwa na bamvua, si na mwezi. Yule wa Leicester ugonjwa wake ulifuata majira, huyu wa Chwaka ulifuata maji.

Na usoni je? Hapa ndipo picha zinapotupoteza. Jina lote la ugonjwa huu kwa lugha ya kitabibu lina neno lenye maana ya wekundu. Lilitumiwa na daktari Cazenave wa Paris mwaka 1851. Huko Vienna, Hebra akaufananisha upele wa mashavuni na kipepeo aliyekunjua mbawa juu ya pua, na mwaka 1872 Kaposi, wa mji huo huo, akaeleza kuwa ugonjwa hauishii kwenye ngozi bali huingia ndani ya mwili. Walikuwa hodari, na walieleza walichokiona. Lakini walichokiona kilikuwa ngozi nyeupe, na wekundu kwenye ngozi nyeupe huonekana toka mbali.

Kwenye ngozi zetu kipepeo huyo si mwekundu. Huwa kahawia iliyokolea, au zambarau, au weusi tu kama alama ya kuungua. Aina nyengine ya lupasi ya ngozi huacha mabaka ya mviringo, katikati meupe na ukingoni meusi, na yakitokea kichwani nywele hapo hazioti tena. Watu wenye asili ya Afrika hupata mabaka haya zaidi kuliko Wazungu. Wengi tunamjua Seal, mwimbaji wa Uingereza ambaye mama yake ni Mnigeria. Makovu yale ya mashavuni, ambayo wengi hudhani ni chale za kabila, ni ya lupasi ya ngozi aliyoipata akiwa kijana. Kwetu mabaka kama hayo huitwa choa, au msichana huambiwa ameharibiwa na mkorogo, na wapo wanaofika mbali zaidi wakashuku ukoma. Mdogo wangu alipakwa dawa ya choa miezi sita. Mtoto wake wa kaka, anayesoma skuli ya sekondari, aliwahi kumtafutia lupasi kwenye simu. Picha zilizotoka zilikuwa za mashavu mekundu ya kizungu. Wakatazamana, wakasema, si hii.

Watu husema mficha maradhi kilio kitamfichua. Huyu hakuficha. Alionesha kila mahali, ila tulikuwa tunatafuta rangi ambayo kwake haiwezi kutokea.

Kilichofungua mlango ni soko la samaki. Yule wa Leicester alipiga simu usiku, akauliza swali ambalo hatukulitarajia: "Dada, akitia mkono kwenye barafu ya samaki, vidole vyake vinakuwaje?" Nikamuuliza mwenyewe. Akanijibu kuwa kila muuza samaki hufa ganzi, hilo si jambo. Nikamwambia kesho mnadani atie mkono kwenye boksi la barafu pamoja na mwenzake, halafu walinganishe. Mwenzake alitoa mkono uliolowa tu. Yeye alitoa mkono ambao vidole vitatu vimekuwa majivu mpaka kwenye kifundo, na ilichukua zaidi ya robo saa damu kurudi. Baridi ya Leicester ilikuwa imo ndani ya boksi la barafu la Chwaka.

Swali la pili la binamu yetu lilikuwa zito zaidi: "Asubuhi macho yake yanavimba? Mkojo wake una povu?" Vyote viwili vilikuwa ndiyo. Kesho yake akapimwa mkojo kwa kile kijiti wanachotumia kwa wajawazito kliniki. Kikageuka rangi: protini inapita kwenye figo. Tukavuka kwenda Dar es Salaam, akapimwa damu, akachukuliwa kipande kidogo cha figo kwa sindano, na daktari akatuambia kuwa tumefika kwa wakati, lakini wakati wenyewe ulikuwa umebaki mdogo.

Hili la figo nataka msomaji alishike kuliko yote. Lupasi ya figo haiumi. Mgonjwa wa Kiafrika, awe Afrika kwenyewe au Ulaya au Marekani, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuingiliwa figo kuliko Mzungu, na mara nyingi mapema zaidi. Marekani, wanawake weusi hupata lupasi mara 2 hadi 3 zaidi ya weupe. Utafiti wa Birmingham, Uingereza, uliotolewa mwaka 1995, nao ulionesha kuwa wanawake wenye asili ya Afrika na Karibi huugua zaidi kuliko Wazungu wa mji huo huo.

Basi kwa nini kwa muda mrefu ilisemwa kuwa Afrika lupasi haipo? Mwaka 1968 daktari Brian Greenwood, aliyekuwa akifanya kazi Nigeria, aliandika kuwa maradhi ya kinga kujishambulia ni adimu mno hospitalini kule. Akajiuliza kama malaria na vimelea vyengine vinaishughulisha kinga hata isipate nafasi ya kumgeukia mwenyewe. Ni fikra ambayo bado inachunguzwa. Lakini tangu hapo madaktari wa Afrika waliotafuta wameipata, na wamegundua kuwa mara nyingi ilikuwa ikipita kwa majina mengine: malaria, taifodi, baridi yabisi, kifua kikuu. Kitu kisichotafutwa huonekana hakipo.

Kwa Zanzibar kuna jambo la ziada. Mwaka 2003 tuliacha klorokwini na kuingia dawa mseto ya malaria, kisha vikaja vyandarua na upuliziaji wa dawa majumbani, na malaria ikashuka sana. Zamani homa ikirudi rudi, kuisingizia malaria kulikuwa na sababu. Leo homa ikirudi mara ya tatu na kipimo cha malaria kinasema hakuna, inatubidi tuulize jengine.

Nayo hiyo klorokwini ina kisa chake. Dawa kubwa ya lupasi duniani ni haidroksiklorokwini, ndugu yake wa damu. Ilianza mwaka 1951, daktari Page wa Uingereza alipoeleza kuwa wagonjwa wa lupasi aliowapa mepakrini, dawa ya malaria waliyomeza askari wakati wa vita vikuu vya pili, walipata nafuu. Mama yetu alipokiona kidonge na kusikia jina lake alishangaa. Alikumbuka ule uchungu wa klorokwini, na ule mwasho wa usiku kucha uliotufanya tujikune kama wenye upele. "Hiyo hiyo?" akauliza. Karibu na hiyo. Mgonjwa huimeza kwa miaka, na lazima achunguzwe macho, kwa sababu ikizidi au ikitumiwa muda mrefu inaweza kuathiri kiini cha kuonea.

Hata dawa ina sura mbili katika nchi mbili. Wote wawili walipewa prednisoloni, na wote wawili nyuso zilijaa zikawa duara. Yule wa Leicester alilia, akaacha kupiga picha. Huyu wa Chwaka akipita njiani wanawake wakimwambia, "Mashaallah, umenawiri!" Sifa zile zilimtia moyo, lakini zilikuwa na hatari yake, kwani aliyenawiri anaweza kuona amepona akaacha vidonge. Prednisoloni haiachwi ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa amri ya daktari, la sivyo mwili huweza kuanguka.

Kuhusu mimba, daktari alikaa na mume na mama mkwe pamoja, jambo ambalo lilinifurahisha. Aliwaeleza kuwa baadhi ya wenye lupasi damu yao huganda kwa urahisi kwenye kondo la nyuma, mtoto akakosa chakula na hewa, na kuwa hilo hupimwa na lina dawa. Aliwaambia wasubiri mpaka ugonjwa utulie angalau miezi 6 ndipo wafikirie mtoto, na kuwa haidroksiklorokwini haiachwi mjamzito. Shemeji alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo si yeye aliyekuwa akizitoa." Neno hilo lilikuwa linamkaa kooni miaka miwili. Na bi mkubwa aliposimulia habari ya mwezi, daktari hakumcheka. Aliandika.

Siku hizi mdogo wangu haingii majini kwenye bamvua. Anakaa kivulini, mikono mirefu na mtandio usoni, anafunga mbegu za mwani kwenye kamba, na wenzake ndio wanaozipeleka shambani baharini. Pato limepungua, hilo sikufichi, na mapatano ya kugawana yalileta maneno kabla hayajatulia. Barafu ya samaki anaishika kwa glavu za mpira zilizotumwa kutoka Leicester. Mkojo wake hupimwa kila mwezi.

Vipimo vya lupasi ni vingi, lakini nitakwambia kimoja kilichonifungua macho. Mwaka 2019 vyama vya madaktari wa viungo vya Ulaya na Marekani vilikubaliana namna mpya ya kuipanga. Kwanza kipimo maalumu cha damu kioneshe kinga inajishambulia, kisha kila dalili ambayo haina sababu nyengine ina alama zake, na zikifika 10 huhesabiwa lupasi. Homa alama 2. Viungo alama 6. Protini nyingi kwenye mkojo alama 4. Jumla 12, bila ya kipepeo hata mmoja usoni. Mdogo wangu alikuwa nazo zote tatu.

Kwa hivyo, ewe mama, dada au mkwe unayesoma, ukiwa na binti au mke wa mwanao ambaye homa zake hazina malaria, asubuhi vidole vinakataa kukunjika, nywele zinapungua, mdomoni mna vidonda visivyouma, mashavu yanazidi weusi kila akitoka juani, au mimba zinatoka, usianze na mkorogo wala na maneno ya watu. Muulize kuhusu barafu. Muulize kuhusu povu. Kisha mpeleke akapimwe mkojo, kwani kile kijiti hakihitaji safari ya Dar es Salaam. Na ikiwa mna jamaa Ulaya, Muscat au Canada aliyeambiwa ana ugonjwa wa kinga, mpigieni mumuulize vizuri alivyoanza, kwani ugonjwa huu hupenda kurudi katika damu moja. Akikwambia habari za baridi na wekundu, usiseme huku kwetu havipo. Mwambie naye akuulize habari za jua na maji.